WASTANI, NAMBA YA KATI NA MODI: HISTORIA YA MASWALI MATATU NA LUGHA YA KUYAFUNDISHIA

Utangulizi

Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilileta mambo mawili yanayotuhusu sisi tunaoshughulika na Kiswahili. La kwanza, elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya miaka minane, hata madarasa mawili yaliyokuwa mwanzo wa shule ya sekondari yakawa darasa la saba na la nane la elimu hiyo. La pili, lugha za taifa zilitambuliwa kuwa lugha za kufundishia na pia somo la kufundishwa. Kiswahili, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa na Katiba ya mwaka 2006.

Lakini mazungumzo yanapofika kwenye hesabu, hoja moja hutolewa dhidi ya lugha yetu. Husemwa kwamba Kiswahili chafaa kwa hadithi, kwa biashara na kwa mahubiri, bali hakifai kwa somo linalotaka usahihi. Mwenye hoja hiyo anaweza kutoa mfano wa takwimu za darasa la saba na la nane. Kifaransa kina maneno matatu, moyenne, médiane na mode, na kila moja lina maana yake. Kiswahili kina neno moja lililoenea, wastani, nalo katika usemi wa kila siku humaanisha kitu kilicho kati, yaani kisicho kikubwa wala kidogo. Mwanafunzi anayeambiwa atafute wastani atajuaje kama anatakiwa kujumlisha na kugawa, au kupanga namba mstarini na kuchukua ile ya katikati?

Katika makala haya tunakusudia kuijibu hoja hiyo kwa njia ya historia. Tutaonyesha kwamba namba hizi tatu zilizaliwa katika nyakati mbalimbali, kwa kujibu maswali yaliyo mbalimbali; kwamba Kifaransa na Kiarabu navyo vilianza na neno moja; na kwamba maneno yalitengana pale tu maswali yalipotengana. Tukishaliona hilo, tutaelewa pia kwa nini wanafunzi wengi duniani, kwa lugha yoyote ile, hujua kuzikokotoa namba hizo bila kujua zinasema nini.

1. Mfano mmoja wa kuanzia

Tuchukue watoto watano waliotumwa kuteka maji. Wa kwanza ameleta bidoni 2, wa pili bidoni 3, wa tatu bidoni 3, wa nne bidoni 5, na wa tano, ambaye kwao kuna mkokoteni, ameleta bidoni 12. Jumla ni bidoni 25.

Tukiuliza, «Maji haya yakigawanywa sawasawa, kila mtoto atapata bidoni ngapi?», jibu ni 5. Huo ndio wastani. Tukiwapanga watoto kuanzia aliyeleta kidogo hadi aliyeleta vingi, kisha tukauliza, «Aliyesimama katikati ameleta bidoni ngapi?», jibu ni 3. Hiyo ndiyo namba ya kati, au mediani. Tukiuliza, «Ni hesabu gani iliyotokea mara nyingi kuliko nyingine?», jibu ni 3 tena, kwa kuwa watoto wawili wameleta bidoni tatu tatu. Hiyo ndiyo modi.

Sasa tuseme kwamba kesho yake mtoto wa tano amepata gari, akaleta bidoni 37 badala ya 12, na wenzake wameleta kama jana. Jumla inakuwa 50 na wastani unakuwa 10. Namba ya kati imebaki 3, na modi imebaki 3. Wanne kati ya watano hawakuongeza hata tone, na hata hivyo wastani umekua mara mbili. Atakayepewa wastani peke yake atadhani kwamba maji yameongezeka katika kila nyumba. Katika mfano huu mdogo imo sehemu kubwa ya historia tutakayoisimulia.

2. Swali la wingi: matofali ya Plataea

Kati ya namba hizo tatu, modi ndiyo iliyopata jina lake mwisho, ingawa matumizi yake ni ya kale sana. Mwanahistoria Mgiriki Thucydides, katika kitabu cha tatu cha historia yake ya vita vya Peloponnesos, anasimulia habari za mji wa Plataea uliozingirwa na adui. Katika majira ya baridi ya mwaka 428 K.K. chakula kilikuwa kikiisha, na baadhi ya watu wa mji wakaazimu kuuruka usiku ukuta ambao adui walikuwa wameujenga kuwazunguka. Walihitaji ngazi zenye urefu uliolingana na ukuta huo, nao hawakuweza kuukaribia ili waupime.

Walifanya hivi. Palikuwa na sehemu ya ukuta ambayo haikupakwa lipu, na matofali yake yalionekana kutoka mjini. Watu wengi walihesabu tabaka za matofali kwa wakati mmoja, tena walirudia mara nyingi. Thucydides anaeleza sababu: baadhi yao wangekosea, lakini walio wengi wangeipata hesabu ya kweli. Kwa unene wa tofali moja walikadiria urefu wa ukuta, wakatengeneza ngazi, na watu 212 walifika salama Athens.

Tuangalie kwa makini walichofanya. Hawakujumlisha hesabu za watu wote na kuzigawa, kwa maana wangefanya hivyo kosa la mtu mmoja aliyeruka tabaka kumi lingeingia katika jibu la wote. Walichukua hesabu iliyokubaliwa na wengi, na makosa wakayaacha nje. Waswahili husema kwamba penye wengi hapaharibiki neno, na hapa methali hiyo ilikuwa kanuni ya hesabu ambayo uhai wa watu uliitegemea.

Zaidi ya miaka 2300 ilipita kabla kanuni hiyo haijapewa jina. Mwingereza Karl Pearson ndiye aliyeingiza neno mode katika takwimu, mwaka 1895. Kwa Kifaransa neno hilo lina jinsi mbili: la mode ni mtindo wa mavazi unaofuatwa na wengi, na le mode ni istilahi ya takwimu. Mwalimu wa Kongo anaweza kuutumia ukaribu huo. Tena asisahau kwamba modi ndiyo pekee kati ya hizo tatu inayofaa kwa mambo yasiyo namba. Tukitaka kujua ni lugha gani inayosemwa na wanafunzi wengi nyumbani, hatuwezi kujumlisha lugha wala kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Twaweza tu kuhesabu ipi imetajwa zaidi.

3. Swali la mgao: kutoka bahari hadi nyota

Wagiriki waliujua wastani, lakini ule wa namba mbili tu. Archytas wa Tarentum, katika karne ya 4 K.K., alitofautisha aina tatu za namba ya kati kwa ajili ya muziki. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Ethika ya Nikomako, anasema kwamba kati ya 10 na 2 namba ya katikati kwa hesabu ni 6. Papo hapo anaonya kwamba chakula kinachomfaa mpiganaji mieleka Milo hakimfai anayeanza mazoezi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba onyo dhidi ya kumpa kila mtu kipimo kimoja ni la kale karibu sawa na wastani wenyewe.

Wastani wa vitu vingi ulikuja kwa njia nyingine, nayo ni njia ya bahari. Chombo kilipopatwa na dhoruba, nahodha aliweza kuamuru baadhi ya shehena itupwe majini ili chombo kisizame. Sheria ya Roma, ikifuata desturi ya kisiwa cha Rhodes, ilitaka hasara hiyo igawanywe kati ya wenye mali wote, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake, kwa kuwa mali iliyotupwa iliokoa iliyobaki. Katika bandari za Mediterania gharama hiyo ilikuja kuitwa avaria, neno ambalo wataalamu wengi wa lugha hulitoa katika Kiarabu ʿawār, yaani kasoro au uharibifu. Kifaransa kikapata avarie, na Kiingereza kikapata neno ambalo hatimaye likawa jina la wastani. Kwa hiyo Waingereza, wanapotaja wastani, wanatumia bila kujua neno la kugawana hasara.

Swali lile lile la mgao likaingia katika upimaji. Mjerumani Jacob Köbel, katika kitabu cha upimaji wa mashamba cha karne ya 16, alieleza namna ya kupata futi ya haki: wanaume 16 wanaotoka kanisani wasimamishwe, warefu kwa wafupi kama watakavyotokea, kila mmoja aweke mguu wake mbele ya mguu wa mwenzake. Urefu wote ukigawanywa mara 16, sehemu moja ndiyo futi halali. Hapa hakuna aliyejumlisha namba hata moja. Miguu yenyewe ndiyo iliyojumlishwa, na kamba ikagawanywa. Ni vigumu kupata somo la kwanza la wastani lililo wazi kuliko hili.

Wanafalaki ndio walioufanya wastani kuwa chombo cha sayansi. Mdenmaki Tycho Brahe, mwishoni mwa karne ya 16, aliunganisha vipimo vingi vya nyota moja ili kupunguza makosa. Hata hivyo jambo hilo halikukubaliwa upesi. Mwaka 1755 Mwingereza Thomas Simpson aliandika barua kutetea faida ya kuchukua wastani wa vipimo vingi katika falaki, kwa sababu walikuwapo watu wenye heshima walioshikilia kwamba kipimo kimoja kilichofanywa kwa uangalifu chatosha. Tukumbuke tarehe hiyo tunapomkuta mwanafunzi wa miaka 13 asiyeona kwa nini tupime mara kumi na kugawa. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo hilo katikati ya karne ya 18. Legendre mwaka 1805 na Gauss mwaka 1809 waliuweka wastani juu ya msingi imara wa nadharia, na tangu hapo ukatawala.

4. Swali la nafasi: kusimama mstarini

Namba ya kati ilichelewa kwa sababu ilionekana kana kwamba si jambo jipya. Mfaransa Antoine-Augustin Cournot, katika kitabu chake cha mwaka 1843 juu ya nadharia ya uwezekano, ndiye aliyeipa jina la valeur médiane: ni thamani inayoligawa kundi katika nusu mbili, nusu moja chini yake na nusu nyingine juu yake. Mjerumani Gustav Fechner aliitumia mwaka 1874 katika utafiti wake, na Mwingereza Francis Galton akalieneza jina median kuanzia mwaka 1881.

Galton aliona faida moja kubwa: namba ya kati haihitaji kupima kila mtu. Watu wakisimamishwa mstarini kwa urefu, inatosha kumpima yule wa katikati. Mwaka 1907 alichapisha katika jarida la Nature habari za shindano lililofanywa katika maonyesho ya mifugo ya Plymouth. Watu walilipa ili kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe baada ya kuchinjwa. Galton alichunguza kadi 787. Kwa namba alizozichapisha, makisio ya kati yalikuwa ratili 1207, na uzito wenyewe ulikuwa ratili 1198. Alipoulizwa kuhusu wastani, akajibu kwamba ulikuwa ratili 1197. Yeye aliipendelea namba ya kati kwa sababu inafanana na kura: kila mtu ana sauti moja, na mtu anayekisia upuuzi mkubwa hawezi kuwavuta wenzake kuliko anayekisia upuuzi mdogo.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Wastani huhisi ukubwa wa kila namba. Ndiyo maana bidoni 37 za mtoto wa tano ziliuinua. Namba ya kati huhisi nafasi tu. Mtoto wa tano ni wa mwisho mstarini, awe na bidoni 12 au 37. Lakini wastani nao una nguvu ambayo mwenzake hana: ukiuzidisha kwa idadi ya watu unapata jumla yote. Anayetaka kujenga tangi la maji ya watoto wote atauliza wastani. Anayetaka kujua hali ya mtoto wa kawaida atauliza namba ya kati. Anayeuza viatu, akitaka kujua aagize kwa wingi saizi gani, atauliza modi.

5. Mtu wa wastani na hatari yake

Mwaka 1835 Mbelgiji Adolphe Quetelet, mzaliwa wa Ghent na mkuu wa kituo cha falaki cha Brussels, alichapisha kitabu juu ya binadamu na ukuaji wa uwezo wake. Ndani yake alileta dhana ya l'homme moyen, mtu wa wastani. Alichukua kanuni iliyotumika kwa nyota akaihamishia kwa watu. Katika kitabu cha mwaka 1846 alizitazama hesabu za vifua vya askari 5738 wa Scotland kana kwamba ni vipimo vingi vya kifua kimoja, vyenye makosa madogo madogo. Kwake wastani ulikuwa sura ambayo maumbile yalikuwa yakiilenga, na tofauti za watu zilikuwa mfano wa makosa ya mpimaji.

Cournot aliikosoa dhana hiyo kwa mfano ambao kila mwalimu wa darasa la nane anaweza kuutumia. Tuchukue pembetatu mbili zenye pembe mraba: ya kwanza ina pande 3, 4 na 5, ya pili ina pande 5, 12 na 13. Wastani wa pande zao ni 4, 8 na 9. Mraba wa 4 ni 16, mraba wa 8 ni 64, na jumla yake ni 80, wakati mraba wa 9 ni 81. Kwa hiyo pembetatu ya wastani haina pembe mraba. Ikiwa wastani wa pembetatu mbili zenye pembe mraba si lazima uwe na pembe mraba, vivyo hivyo mtu aliyeundwa kwa wastani wa viungo vya watu wengi aweza kuwa mtu asiyeweza kuishi.

Onyo hilo halikusikilizwa na wote. Galton yuleyule tuliyemsifu kwa namba ya kati ndiye aliyebuni mwaka 1883 neno eugenics, nadharia ya kuboresha kizazi kwa kuchagua wazazi. Na katika kitabu chake cha mwaka 1869 alikuwa tayari amewapanga watu wa mataifa mbalimbali kwa ngazi za akili, akiwaweka Waafrika chini ya Waingereza. Katika karne ya 20, jirani zetu wa Ruanda-Urundi, wakiwa chini ya utawala wa Wabelgiji, walipimwa urefu na pua, na kila kundi likapewa wastani wake. Wastani huo ukachukuliwa kuwa sura ya kila mtu wa kundi, ingawa katika kila kundi walikuwamo warefu na wafupi, na makundi yenyewe yaliingiliana. Kosa hilo ni la kutouliza namba ilikuwa inajibu swali gani. Ndiyo sababu somo hili dogo la darasa la saba si dogo hata kidogo: mwananchi asiyelielewa aweza kuambiwa lolote juu yake mwenyewe kwa jina la hesabu.

6. Namba tatu zaingia shuleni

Kwa muda mrefu shule zilifundisha wastani kama zoezi la kujumlisha na kugawa, na namba ya kati iliachiwa vyuo. Mabadiliko yalikuja katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kitabu cha Mmarekani John Tukey cha mwaka 1977 kuhusu uchunguzi wa takwimu kiliipa namba ya kati heshima mpya, kwa kuwa Tukey alitaka watu wazipange namba na kuzitazama kabla ya kuzikokotoa. Mwaka 1982 mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu ufundishaji wa takwimu ulifanyika Sheffield, Uingereza. Mwaka 1989 baraza la walimu wa hesabu wa Marekani lilitoa mwongozo ulioipa takwimu nafasi yake katika madarasa ya tano hadi ya nane.

Namba tatu zikaingia vitabuni kwa pamoja, na mara nyingi katika somo moja. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kilichohitaji karne nyingi kutenganishwa kilifungwa katika furushi moja: jumlisha na ugawe, panga na uchukue ya kati, tafuta inayorudiwa. Watafiti wakaona matokeo yake. Mwaka 1981 Pollatsek, Lima na Well walionyesha kwamba hata wanafunzi wa chuo kikuu walishindwa kuunganisha wastani wa makundi yenye uzito usio sawa. Mwaka 1995 Mokros na Russell walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 21 wa darasa la nne, la sita na la nane nchini Marekani. Walikuta njia tano za kuufikiria wastani: wengine waliuona kama namba inayorudiwa zaidi, wengine kama kanuni ya kukokotoa tu, wengine kama kadirio linaloingia akilini, wengine kama katikati, na wengine kama mahali pa usawa wa mizani. Jambo linalotuhusu ni hili: watoto hao walisoma kwa Kiingereza, lugha yenye maneno yote matatu, na bado maana zilichanganyika.

Miongozo ya baadaye ilijaribu kurekebisha. Ripoti iitwayo GAISE, iliyokubaliwa na chama cha wanatakwimu wa Marekani mwaka 2005, ilishauri wastani ufundishwe kwanza kama fungu la haki, kisha kama mahali pa usawa. Viwango vya Common Core vya mwaka 2010 viliweka wastani na mediani katika darasa la sita, na modi haikutajwa humo kama kipimo cha katikati.

Kwetu Kongo mwanafunzi hukutana na wastani kabla ya kufundishwa, maana umo katika karatasi ya matokeo yake. Kila somo lina kiwango chake cha juu cha pointi, na asilimia ya mwisho hupatikana kwa kugawa pointi zote kwa jumla ya viwango hivyo. Tuseme mwanafunzi amepata pointi 18 kwa 20 katika somo moja na 40 kwa 80 katika jingine. La kwanza ni asilimia 90, la pili ni asilimia 50. Mwanafunzi atajumlisha 90 na 50, agawe kwa mbili, ajipe asilimia 70. Karatasi itampa 58, kwa kuwa pointi zake ni 58 kwa 100. Atadhani ameonewa, kumbe amekutana na kosa lile lile la wanafunzi wa mwaka 1981. Karatasi hiyohiyo humpa pia nafasi yake darasani, yaani cheo chake mstarini. Kwa hiyo swali la mgao na swali la nafasi yamo mfukoni mwake tayari, na mwalimu anaweza kuanzia hapo.

7. Neno moja, maswali mawili

Turudi sasa kwenye hoja tuliyoanza nayo. Ni kweli kwamba wastani, neno lililotoka katika Kiarabu, shina lake lina maana ya kati. Ni kweli pia kwamba usemi wa kila siku, kama vile mtu wa hali ya wastani, uko karibu na namba ya kati kuliko na namba inayopatikana kwa kugawa.

Lakini tuwatazame waliotutangulia. Neno la Kifaransa moyen latokana na Kilatini medianus, yaani cha katikati. Neno médian latokana na medianus hiyohiyo, ila liliazimwa baadaye na wasomi. Moyenne na médiane, ambazo tunaambiwa ni ushahidi wa usahihi wa Kifaransa, kwa asili ni neno moja lililoingia kwa milango miwili. Kiarabu nacho huita wastani wa hesabu al-wasaṭ al-ḥisābī, na namba ya kati al-wasīṭ. Shina ni lile lile. Hakuna kati ya lugha hizo iliyokuwa na maneno mawili tangu mwanzo. Zilianza na neno moja la katikati, na zikaligawa pale wataalamu walipoona kwamba maswali ni mawili. Cournot alihitaji jina mwaka 1843 kwa sababu alikuwa na jambo la kutofautisha.

Kiswahili kinaweza kufanya vivyo hivyo, na kwa sehemu kimeshafanya. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, na neno wastani limezoeleka huko kwa maana ya kujumlisha na kugawa. Tunapendekeza walimu wetu walishike hivyo, waseme namba ya kati au mediani kwa ile ya mstarini, na modi kwa ile ya wingi. Lakini majina peke yake hayatoshi. Kila jina liambatane na kitenzi chake: wastani ni kugawana, namba ya kati ni kujipanga, modi ni kuhesabu marudio. Kiswahili ni lugha yenye utajiri mkubwa wa vitenzi, na kitenzi kugawana, chenye kiishio cha kutendana, kinabeba peke yake wazo la fungu la haki ambalo miongozo ya Marekani iliandika kurasa nyingi kulieleza.

Katika darasa jambo hili ni rahisi kutekeleza. Siku ya kwanza watoto wapewe punje za mahindi kwa hesabu zisizo sawa, wasawazishane mkono kwa mkono mpaka wote walingane, bila kutajiwa kugawanya. Siku nyingine wasimame uani kwa urefu, watafute wa katikati. Wakiwa idadi shufwa, watagundua wenyewe kwamba wa katikati ni wawili, na mwalimu atawaonyesha kuchukua nusu ya jumla ya hao wawili. Siku ya tatu wahesabu lugha za nyumbani. Ndipo mfano wa bidoni uletwe, na swali la mwisho liwe: ni namba ipi utakayompa mkuu wa mtaa ili ajue taabu ya maji, na kwa nini?

Hitimisho

Tumeona kwamba watu wa Plataea walihesabu matofali mwaka 428 K.K. kwa kuuliza wengi wanasema nini. Kwamba mabaharia, wapimaji na wanafalaki waliuliza fungu la kila mmoja ni lipi. Na kwamba Cournot na Galton, katika karne ya 19, waliuliza ni nani aliyesimama katikati. Tumeona pia namba hizo zilivyotumiwa kuwafinyanga watu katika sura isiyo yao.

Hoja kwamba Kiswahili hakifai kwa somo hili imejengwa juu ya kusahau historia. Mchanganyiko wa wastani na namba ya kati ulikuwamo katika Kilatini, ulikuwamo katika Kiarabu, na ungali katika vichwa vya wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza. Dawa yake imekuwa ileile kila mahali: kulitenganisha swali kwanza, kisha kulipa jina. Kazi hiyo ni ya mwalimu wa hesabu na ya mwanafunzi wa Kiswahili kwa pamoja, nayo itaonekana imefaulu siku mtoto wa darasa la nane atakapoambiwa wastani wa jambo lolote, naye akauliza kwa lugha yake mwenyewe: «Na yule wa katikati je?»